Urithi wa Chuma

Kwetu magharibi mwa Ireland, mlango wa nyumba yenye maiti haufungwi, wala mtu haulizwi amekuja kama nani. Unaingia, unawapa mkono wafiwa, unasema pole, unasimama kidogo mbele ya jeneza, kisha unapewa chai. Hata adui hafukuzwi. Kwa hiyo Attracta Gaughan aliposikia redioni kwamba Delia Tarpey wa Kilcorran amefariki, alijua amepata njia ya kuingia.

Mwaka 1964, Attracta akiwa msichana asiye na mume, padri wa parokia alimpeleka kwenye nyumba ya masista ajifungulie huko. Alizaa binti. Mtoto alichukuliwa akaandikishwa kana kwamba Delia ndiye aliyemzaa. Hapakuwa na hati ya kuasili mtoto, kwa hiyo Attracta alipokwenda kuuliza serikalini, sheria haikuwa na cha kumwonyesha. Jina la Tarpey alilipata baadaye kwa mkunga mzee aliyechoka kunyamaza. Hakulitumia. Aliona hana haki ya kuvuruga nyumba ya watu.

Msimu wa vuli uliopita daktari alimwambia kwamba mwili wake unalimbikiza madini ya chuma na ini limeanza kuharibika. Ni ugonjwa wa kurithi, mwingi kwetu. Ukigunduliwa mapema, tiba yake ni kutolewa damu tu.

"Watoto wako wapimwe. Unao wangapi?"

"Wawili," alijibu. Alipofika mlangoni akageuka. "Watatu."

Mdogo wake, Concepta, ndiye aliyemwendesha hadi Kilcorran.

"Sema habari ya ugonjwa, basi," Concepta alimwonya. "Usianze kumwaga mengine mbele ya maiti ya watu."

"Nitausemaje ugonjwa bila hayo mengine?"

"Utajua mwenyewe. Si masista walikusifu kwa ulimi wako?"

"Walinisifu kwa kufua."

Foleni ilianzia uani. Ndani, Delia alilala na rozari mikononi, vidole vyake vimenyooka kama vya msichana. Kando ya jeneza alisimama mfiwa mmoja tu: Fionnuala, mwanawe wa pekee, mwanamke wa makamo mwenye ngozi iliyoiva rangi ya shaba katikati ya baridi ya Februari.

"Pole kwa msiba," Attracta alisema, akamshika mkono.

Fionnuala alikunja uso.

"Nimekuumiza?"

"Si wewe, mama. Ni baridi yabisi. Nimeirithi kwa huyu hapa."

"Ni vifundo hivi viwili vya mwanzo tu?"

"Umejuaje?"

Attracta aliuinua mkono wake mwenyewe. Vifundo vya kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimevimba vilevile. "Kapimwe chuma kwenye damu; ndicho kinachovimbisha hivi na kukupa rangi hiyo. Wiki hii, usingoje. Si baridi yabisi, na ugonjwa huu hujaurithi kwa Delia."

Mzee aliyekuwa nyuma yao alikohoa. "Akina mama, sisi wengine tuna ng'ombe wa kukamua."

"Ng'ombe watasubiri, Mzee Padraic," Fionnuala alisema bila kumtazama. Alimtazama Delia, vidole vyake, kisha akamrudia mgeni. "Ulimfahamu mama vipi?"

"Sikumfahamu."

Fionnuala alimwomba jirani ashike nafasi yake, akamwongoza Attracta hadi stoo nyuma ya jiko, walikopanga sandwichi za nyama ya nguruwe. Akafunga mlango.

"Watu walinitania tangu shuleni kwamba sifanani na mtu yeyote humu. Mama alisema nimefanana na shangazi aliyekwenda Boston." Akamgeukia Attracta. "Ulinitoa mwenyewe kwa watu?"

"Nilikuwa nafua mashuka. Niliporudi, kitanda chako kilikuwa kimeshatandikwa. Nikauliza uko wapi, nikaambiwa nimalize mashuka."

"Ukayamaliza?"

"Nikayamaliza."

Fionnuala aliegemea rafu. Machozi hayakumtoka. Alikuwa na mama wa kuzika kesho yake, naye alimpenda.

"Mazishini utasimama na watu wa nyuma," alisema. "Leo siwezi kukupa nafasi nyingine."

"Sikuja kuomba nafasi."

"Najua. Lakini daktari ataniuliza nimeurithi kwa nani."

Sauti za majirani wakipeana chai zilisikika ng'ambo ya mlango. Attracta hakushusha sauti yake.

"Mwambie kwa mama yako mzazi, Attracta Gaughan. Akitaka kuhakikisha, nitakwenda nitolewe damu nyingine."