Bomu la Kuzuia Mlango

Mlango wa sebule yetu una kiburi, upepo ukipita kidogo tu unajibamiza. Tangu ujana wangu unazuiwa na bomu la mkono. Sisemi kwa mafumbo. Ni bomu la chuma, rangi ya kijani iliyobabuka, mume wangu alilileta kutoka vitani enzi zile akiwa bado na nywele. Nimefagia kulizunguka, nimelipangusa vumbi, na siku ambazo mwenyewe aliniudhi nimelipiga teke, maana yeye sikumuweza.

Mtaa mzima unamwita Koplo. Vita viliisha, yeye hakuisha. Ni fundi baiskeli, na kazi anaifanyia hapo hapo sebuleni, karibu na dirisha, grisi mpaka kwenye vitambaa vyangu vya makochi.

Mjukuu wetu naye alikwenda jeshini. Siku aliyorudi moja kwa moja, na cheo cha sajenti na mkono wa kushoto umepungua vidole viwili, alifika mlangoni na begi lake, akatazama chini, akaganda. Utotoni bomu lile alilikalia kama kigoda. Lakini kazi yake huko jeshini ilikuwa kutegua mabomu, na macho aliyorudi nayo hayakuwa yale aliyoondoka nayo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Ingia basi, au unataka ubebwe kama bibi harusi?"

Hakucheka. "Bibi, usisogee hapo ulipo."

Mzee akalitupa gurudumu alilokuwa akilinyoosha. "Kuruta amerudi! Mwizi wa mke wangu!" Hajawahi kumwita kwa cheo chake, kwake yeye ni kuruta tu. Akaja akichechemea, na ili mgeni apate njia akainama, akaliokota bomu kama mtu aokotaye ndala.

"Babu, nakuomba uliweke chini. Polepole."

"Hili? Hili lilikufa kabla baba yako hajazaliwa."

"Nani alilitoa roho?"

"Rafiki yangu. Tulilala handaki moja. Alinikabidhi asubuhi, akaniambia, Koplo, hili ni tupu, kampelekee mkeo zawadi. Mchana wake tukamzika." Habari hiyo mzee huisimulia kwa kifupi hivyo hivyo, na mtu akiuliza zaidi hupewa mgongo.

"Babu, bomu tupu hutobolewa tundu, ili kila mtu ajue. Hilo halina tundu. Na pini yake iko wapi?"

"Ililiwa na kutu. Nimeweka spoku."

Kijana akashusha begi chini. "Spoku ya baiskeli?"

"Spoku mpya!" Mzee akajibu kwa fahari, kama mtu aliyeulizwa bei.

Hapo ndipo mimi nilipoanza kuhisi baridi miguuni. Nikahesabu mateke yangu yote kimoyomoyo, nikaacha njiani, yalikuwa mengi.

"Kwa hiyo rafiki yangu ni mwongo?" mzee akauliza.

"Sijasema mwongo. Huenda alikosea."

"Hakukosea! Yule alikuwa mwanajeshi. Siyo ninyi, mliopelekwa kulinda amani mkila biskuti za kopo." Akachomoa koleo mfukoni mwa aproni. "Sasa naichomoa spoku hapa hapa, ulione lilivyo kimya, kisha utamwomba radhi marehemu."

"Mzee," nikasema, "chai yako inapoa."

"Chai ipoe."

Kijana akapiga goti. Mwanamume mzima na mabega yale, akapiga goti juu ya zulia langu. "Babu, tafadhali. Nimewaona waliosema limekufa. Tafadhali."

Mzee hakumsikia. Koleo lilishika spoku, likaizungusha, nami nikaisikia ikikwaruza ndani ya chuma, krrr, kama panya. Nilitaka kumrukia nimnyang'anye, lakini miguu ilikataa kabisa. Spoku ikatoka nusu.

"KOPLO! MGUU SAWA!"

Sauti ile sikuijua. Ilitoka kinywani mwa mjukuu wangu, lakini haikuwa yake. Visigino vya mume wangu vikagongana, koleo likaanguka, kidevu kikapanda juu, na mkono wenye bomu ukabana pajani. Akakauka kama nguzo ya stima.

"Koplo, kaza kiganja! Usilegeze mpaka nikuamuru!"

"Ndiyo, afande!" Mume wangu huyo. Mimi nimemwomba afunge bomba la maji maisha yangu yote.

Kijana akainuka, akakifunika kiganja cha babu yake kwa chake, na kwa vile vidole vilivyobaki akaisukuma spoku irudi ndani, taratibu, jasho likimdondoka puani. "Koplo, achia." Mzee akaachia. "Nyuma geuka! Mbele tembea!" Na magoti yale yaliyokataa kwenda dukani jana yake yakatoka kwa gwaride, mimi nyuma, mpaka ng'ambo ya barabara. "Simama!"

Yeye akarudi ndani peke yake. Alilizika bomu kwenye ndoo ya mchanga, akawatoa majirani nyumba kwa nyumba, akawaita wenzake wa kambini. Walikuja na gari, wakalipeleka uwanja wa nyuma ya kiwanda cha matofali.

Saa hizo zote mzee amesimama wima kandokando ya barabara. Watu wakamletea kiti.

"Kaa, mume wangu," nikamwambia.

"Sijaamriwa."

Kisha bomu likalia. Ardhi ilitikisika, mabati ya mtaa mzima yakapiga kelele, mama mmoja akaangusha mtoto wa mwenzake. Mzee hakugeuka.

Kijana aliporudi, macho mekundu, alimjia akiwa ameinamisha kichwa. "Babu, nisamehe. Kaa, babu."

Mzee alitazama mbele tu. "Aliyenisimamisha ni sajenti. Mjukuu hana mamlaka hayo."

Kumwamrisha babu yake penye hatari kijana alikuwa ameweza, ila sasa hatari imekwisha, na watu wanatazama.

"Koplo," akasema, sauti imekatika. "Mguu pande."

"Sisikii, sajenti!"

"Mguu pande! Tawanyika!"

Mzee akalegea ghafla, akayumba, na kijana akamdaka kabla hajafika chini. Wakabaki hivyo, wameshikana.

"Rafiki yangu hakujua," mzee akanong'ona. "Alikosea tu, siyo?"

"Alikosea tu, babu. Hata sisi tunakosea." Akamwonyesha ule mkono.

Mzee akaushika. "Basi nibebe, magoti yameisha. Na bibi yako asijue."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo ubavuni pao, na kile kiti nimekishika.