Kiduha cha Ukutani

Restituta alikuwa mpiga picha asiyetumia kamera, na jambo hilo baba yake alikuwa hajalimeza. Kamera alikuwa nayo, ya picha za pasi, kwenye kibanda chake pale Mpanda mjini, ndiyo iliyomlisha. Lakini roho yake ilikuwa kwenye maua ya porini. Aliyachuma, akayalaza juu ya karatasi za picha zilizokwisha muda wake, akafunika kwa kioo cha dirisha na kuanika juani kama dagaa. Karatasi ikageuka zambarau na kahawia yenyewe, umbo la ua likabaki jeupe katikati. Kila picha ni moja tu, haina nakala.

"Mpiga picha bila kamera ni mkulima bila jembe," alisema Mzee Deogratias siku binti alipokwenda nyumbani Mwamkulu kuwaalika kwenye maonyesho yake. "Kazi yote limefanya jua. Wewe umefanya nini?"

"Na mahindi yako, baba, huwa yanaivishwa na nani?"

Mama yake, Skolastika, akainamia sufuria kuficha kicheko. Mzee hakucheka.

"Haya. Nitakuja kwenye hayo maonyesho yako. Picha hata moja ikinigusa, sitakusema tena mpaka naingia kaburini. Isiponigusa, unaacha mchezo huu, unabaki na picha za pasi."

Restituta akakubali, kisha akajuta. Baba yake hakuwahi kuguswa na kitu kisicholiwa.

Tumaini lake lote akaliweka kwenye yungiyungi jekundu la mbugani, akalitundika ukuta wa mbele katika ukumbi wa parokia. Karibu na mlango pakabaki pengo. Hapo akapaziba kwa picha ya kiduha, alichokichuma shamba la jirani mzembe. Nyie mnaolima mahindi mnakijua: kaua kazuri ka zambarau, chini kwa chini kananyonya mizizi ya mahindi mpaka mnavuna mabua. Mwamkulu hakuna anayepita kiduha kilichochanua bila kuking'oa, hata kiwe shamba la mtu aliyemnunia. Kinang'olewa, kinachomwa, mbegu zisije zikamwagika.

Tena Restituta alikuwa na lake: kila ua alilitundika kwa kimo linachoota porini. Kiduha kikawa usawa wa muundi. Akina mama waliotoka misa walichuchumaa na vitenge vyao, wakilalamikia magoti, wakasema ni pazuri lakini pangewekwa viti.

Mzee akafika na koti lake la Jumapili. Akapita ukuta kwa ukuta, mikono nyuma, kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. Mbele ya yungiyungi alipiga mwayo. Restituta alijisikia kulia. Tayari alijiona amefungiwa kibandani na nyuso za pasi maisha yake yote. Baba akaelekea mlangoni.

Hapo akasimama. Akatazama chini. Mgongo ukainama wenyewe, mkono ukashika chini kabisa, karibu na sakafu, akavuta. Karatasi ikang'oka na gundi yake, ikachanika mpaka katikati. Mzee akanyanyuka, akaikung'uta mara mbili gotini, kutoa udongo. Ndipo akaona alichoshika.

Picha ya kuzibia pengo, kumbe ndiyo bora kuliko zote, ilikuwa imekwenda, Restituta aliliona hilo, ila furaha ilimfika kabla ya uchungu.

"Baba, ulisema ikikugusa..."

"Najua nilichosema."

"Basi nipe, nikaigundishe."

Mzee akaikunja, akaisukuma ndani kabisa ya mfuko wa koti.

"Kimeshachanua hiki, mama," alisema kwa upole. "Hakirudi."

Akaenda nacho mpaka Mwamkulu, akakichoma kwenye mafiga ya mke wake, akasimama pale mpaka kikawa majivu. Ahadi ameitunza: binti hamsemi tena. Ila akija mjini, hutangulia kibandani, akachungulia kuta zote kwa chini, kona kwa kona, kabla ya kumsalimia.