Picha Haikuonyesha Ufa

Bibiana alihamia Oldeani kwa kaka yake Clemensi akiwa na miaka ishirini na mbili. Alichuma kahawa kama wasichana wengine wa kambini, lakini kahawa haikuwa sababu ya kuja kwake. Alikuja kukimbia.

Clemensi alikuwa karani wa shamba. Kabla ya ukarani alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu, mara mbili akafika kwenye mchujo wa timu ya taifa, na mara zote mbili akarudishwa nyumbani Qurus. Jambo hilo halikumtoka moyoni. Siku alipomwona mdogo wake akiwaacha vijana wa kiume nyuma katika mbio za Saba Saba pale Karatu, hakusubiri hata kukuche. Aliwafuata wazazi wao jioni ile ile akawaambia, "Nipeni Bibiana. Mimi nitamfikisha."

Baba yao alicheka. Mama yao hakucheka. Alimtazama binti yake, akamwona anachekelea kama mtu aliyeposwa, akajua hana la kuzuia.

Ulikuwa mwaka wa themanini na tatu. Duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu na msongamano mlangoni. Mvua zilikuwa zimedanganya, na watu wengi walikuwa wakila unga wa mahindi ya njano ambao kila mmoja aliulalamikia na hakuna aliyeukataa. Katika hali hiyo Clemensi alimpangia mdogo wake mazoezi. Alfajiri, kabla wachumaji hawajaitwa kazini, walikimbia kupanda katikati ya mibuni hadi kwenye mpaka wa msitu, ambako ukungu wa Ngorongoro ulikuwa mzito kiasi kwamba Bibiana alisikia pumzi za kaka yake bila kumwona. Kisha kazi. Alasiri, mbio tena.

Chakula alikipima Clemensi mwenyewe. "Mtu mzito hapandi mlima," alisema, akakata nusu ya tonge la ugali lililokuwa kwenye sahani ya Bibiana na kulirudisha chunguni. Na yeye mwenyewe alikula kidogo vile vile, kwa hiyo Bibiana hakuona neno la kulalamikia. Kila alipopungua, muda wake ulipungua. Clemensi alimwonyesha saa yake ya mkononi huku meno yote yako nje, na furaha ile ilimtosha Bibiana kuliko chakula.

Jirani yao pale kambini alikuwa mjane mmoja kutoka Singida, Antonia, aliyekuja Oldeani na binti yake Petronila baada ya mumewe kufariki. Antonia na Bibiana walichuma kahawa kwenye mstari mmoja, na ndiye mtu pekee ambaye Bibiana alimweleza mambo ya mwili wake.

"Sijaziona siku zangu tangu masika," Bibiana alimwambia siku moja, vidole vikiendelea kuchuma.

Antonia alisimama. "Una mimba?"

"Mimba ya nani, dada Antonia? Ya mlima?"

"Basi unaumwa. Mwambie kaka yako."

"Mambo hayo nimwambie kaka?" Bibiana alisema kwa aibu. "Na kwa kweli naona ni afadhali. Hayanisumbui mbioni."

Wakaliacha hapo.

Maumivu yalianza mwaka uliofuata, miezi michache kabla ya mashindano ya mkoa kule Arusha. Washindi wa Arusha wangekwenda kambi ya taifa, na waliofika kambi ya taifa walikuwa wakipata ajira mjini kwenye timu za majeshi. Maumivu yalikuwa ndani kabisa ya kinena, upande wa kushoto, mahali ambapo mtu hawezi kupabonyeza kwa kidole. Mwanzoni yalikuja mwisho wa mbio na kuondoka akikaa. Baadaye yakaja katikati. Baadaye yakawa yanamsubiri asubuhi aliposhusha mguu kitandani.

Clemensi aligundua kwa kuangalia hatua zake. "Unachechemea."

"Ni msuli, kaka."

Alimkanda kwa mafuta ya taa yaliyochanganywa na pilipili, akampumzisha Jumapili, na Jumatatu wakaendelea. Lakini hakuwa mtu asiyejali. Alipoona mguu haubadiliki, aliomba ruhusa kazini, wakapanda lori la magunia hadi hospitali ya misheni. Bibiana alipigwa picha ya eksirei. Daktari, mwanamama wa makamo mwenye sauti ya upole, aliishikilia picha dirishani kwa muda mrefu.

"Sioni ufa," alisema. "Ila sipendi mahali unapoumwa. Hapa, kwenye nyonga, mfupa wa paja una shingo, na shingo hii ndiyo inayobeba mwili wote. Ufa mdogo unaweza kuwepo na picha isiuonyeshe mpaka baada ya majuma kadhaa. Usikimbie. Usibebe mizigo. Tembelea magongo, kula vizuri, kisha urudi tukupige picha nyingine. Siku zako unazipata?"

Bibiana alimtupia jicho kaka yake aliyesimama mlangoni. "Nazipata," alisema.

Njiani kurudi Clemensi alikuwa mchangamfu. Alikuwa ameyasikia maneno mawili tu, *sioni ufa*, na aliyarudia kama mtu aliyeshinda kesi. "Mfupa ni mzima, Bibiana. Picha imesema. Kilichobaki ni maumivu, na maumivu kila mkimbiaji anayo. Mimi nilikimbia na kidole kilichong'oka ukucha."

"Daktari amesema nisikimbie."

"Daktari hakimbii." Lori liliruka kwenye shimo. "Lakini sikulazimishi. Ukisema tuache, tunaacha. Mashindano mengine yatakuja mwakani."

Bibiana alitazama nje. Mwakani angekuwa na mwaka mwingine wa kuchuma kahawa, na wazazi wao walikuwa wameshaanza kuzungumza na watu wa Mbulu juu ya kumwoza. "Tusiache," alisema.

Mvua za mwaka ule zilikuja kwa fujo, kana kwamba zinalipa zote zilizokosekana. Jumamosi moja, mashindano yakiwa yamekaribia, Clemensi alipanga zoezi refu la mwisho, kuteremka kutoka shambani hadi Njia Panda na kupanda tena. Barabara ilikuwa tope jekundu. Bibiana alianza akichechemea, mwili ukapata moto, akasahau. Kwenye mteremko, alipotua mguu wa kushoto, alisikia mlio mkavu ndani yake, kama kijiti kinapovunjwa chini ya blanketi. Hakujikwaa wala hakuteleza. Mguu haukuwepo tena, basi, akaanguka kifudifudi.

Clemensi aliyekuwa mbele alirudi mbio. Alimkuta ameshika tope kwa mikono miwili, mguu umegeukia nje na kuwa mfupi kuliko mwenzake.

"Simama," alisema. "Bibiana, simama, jaribu."

"Kaka, usiniguse!"

Akaketi kando yake mvuani akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima, karani, na wachumaji waliokuja kutoka mibunini wakadhani yeye ndiye aliyeumia.

Antonia ndiye aliyefanya kazi. Alifunga miguu yote miwili pamoja kwa khanga zake, akaagiza yaletwe magunia na miti, wakampandisha kambini kwenye machela. Lori la shamba halikuwa na dizeli. Gari la watalii lililotoka kreta ya Ngorongoro lilikuwa limezama kwenye tope huko chini na lenyewe lilihitaji msaada. Bibiana alilala kwenye mkeka hadi siku ya pili, Antonia akimpa maji kwa kijiko, mpaka lilipopatikana trekta la jirani na tela lake. Kila tela lilipodunda, Bibiana alipiga kelele. Walipokaribia Karatu alikuwa hapigi kelele tena, na hilo lilimtisha Clemensi zaidi.

Safari hii picha ilionyesha, hata Clemensi aliona. Daktari yule hakusema nilikwambieni. Aliuvuta mguu kwa kamba iliyofungwa uzito, akaandika barua, na baada ya siku kadhaa gari la misheni lilimpeleka Bibiana hospitali kubwa ya Moshi, ambako walimpasua na kuushikiza mfupa kwa misumari ya chuma.

Alilala Moshi mpaka mashindano ya Arusha yakapita. Daktari aliyempasua, kijana wa Kichaga asiyejua kuficha maneno, alikuja siku moja akaketi ukingoni mwa kitanda. Clemensi alikuwepo.

"Mfupa ni kitu kilicho hai," kijana alisema. "Ukikimbia unaumia kidogo, ukipumzika unajijenga. Wewe hukuupa mapumziko, wala chakula cha kujijengea. Na ule mwezi unaokosekana si mambo ya wanawake tu. Mwili ukikosa chakula unazima huo kwanza, na ukizimwa mifupa hulegea kama ya bibi kizee. Kuna mtu aliyekuuliza?"

"Daktari wa misheni aliniuliza," Bibiana alisema. "Nilimdanganya."

Clemensi alitoka nje ya wodi.

"Nitakimbia tena?"

Kijana alisugua magoti yake. "Kichwa cha mfupa hulishwa na mishipa midogo ya damu inayopita shingoni. Shingo ilipoachana, mishipa ilikatika, na ulichelewa kufika. Nina wasiwasi kwamba kichwa kinakufa. Kikifa kitabonyea. Utatembea, lakini kwa maumivu. Kukimbia, hapana."

Ikawa hivyo. Aliporudi Oldeani mguu ulikuwa umefupika, nyonga ikiuma kwa baridi na kwa joto. Habari za kumwoza hazikusikika tena kutoka Mbulu. Shamba lilimpa kazi ya kuchambua kahawa akiwa amekaa. Siku zake zilirudi, kwa chakula cha hospitali na kwa kutokukimbia, na alipoziona alilia, asijue kama ni kwa furaha.

Clemensi alikuwa mwema kwake kwa namna ya mtu anayeogopa kutazamwa. Alimchotea maji, akamchongea gongo zuri la mzeituni. Juu ya barabara ile hawakuzungumza kamwe. Halafu, kiangazi kilichofuata, Bibiana alianza kusikia alfajiri mlango wa Clemensi ukifunguka, na nyayo za watu wawili zikielekea mlimani. Wa pili alikuwa Petronila, binti wa Antonia, mwenye miaka kumi na saba.

Bibiana alinyamaza muda mrefu kuliko alivyopaswa. Alijiambia huenda kaka yake amejifunza. Kisha akamwona Petronila kisimani, magoti yameshinda mapaja kwa unene, akikanda muundi wake kwa kidole gumba.

"Panauma wapi?"

"Hapa tu, dada. Mahali pamoja, padogo kama sarafu."

"Siku zako?"

Petronila aliinama kuchota maji. "Kocha amesema nisiwasikilize watu," alijibu.

Jioni hiyo Bibiana alikwenda kwa Antonia na kumwambia kila kitu waziwazi. Antonia alisikiliza akikuna nazi ya kwanza aliyoipata mwaka ule, na Bibiana alipomaliza, Antonia aliweka mbuzi chini.

"Mdogo wangu, nilikufunga kwa khanga zangu," alisema. "Nakupenda. Lakini huyu mtoto hana baba wala shamba. Wewe ulipata bahati mbaya. Usitake na mwenzako apate."

"Unadhani namwonea wivu?"

"Sijui. Ningekuwa wewe, ningeona wivu."

Neno hilo lilimuuma, maana lilikuwa na ukweli wake. Kweli alikuwa akimwonea wivu Petronila. Alizisikia nyayo zile alfajiri na mguu wake ukashtuka ndani ya blanketi. Lakini muundi wa yule binti ulikuwa unauma mahali pamoja, na wivu haukubadilisha hilo.

Kesho yake alitoka kabla yao, akajikongoja hadi penye kona ya kwanza na kusimama katikati ya barabara. Walipotokea, Clemensi alipunguza mwendo.

"Nenda nyumbani, Bibiana. Kuna baridi."

"Mfupa wake unapasuka, kaka. Mwulize."

"Nimemwuliza. Yuko tayari." Kisha, kwa sauti ya chini, "Wewe nilikulazimisha lini? Sema mbele yake. Nilikulazimisha lini?"

"Hukunilazimisha," Bibiana alisema. "Ungenilazimisha ningekukatalia. Ulinifurahia tu, na mimi nilikuwa tayari kufa ili unifurahie hivyo tena." Akamgeukia Petronila, akavuta gauni lake hadi nyongani, akamwonyesha kovu na paja lililonyauka hadi likawa sawa na mkono. "Picha yangu ya kwanza haikuonyesha ufa. Tazama."

Petronila alitazama. Clemensi hakutazama. Alipiga hatua akampita dada yake, akaendelea kukimbia peke yake kupanda mlima, na Petronila, baada ya kusimama kidogo kama mtu aliyeitwa na watu wawili, akageuka kuteremka kambini.

Siku hiyo hiyo, Petronila alipomweleza alichoonyeshwa barabarani, Antonia alimpeleka hospitali ya misheni. Alikatazwa mbio, akapumzika hadi mwisho wa mavuno, akila maharage, dagaa na maziwa ambayo mama yake aliyatafuta kwa shida, na akiwanunia watu wote, Bibiana kuliko wote. Muundi ukapona. Alipopona hakurudi kwa Clemensi. Alipata timu Arusha, akaondoka bila kuaga mlango wa pili, kwa kina Bibiana.

Clemensi aliomba uhamisho wa kwenda shamba jingine, mbali kule Mbulumbulu. Alimwachia dada yake chumba na vyombo, na akawa anamtumia salamu kupitia watu wengine wakati wa Krismasi. Wazazi walijaribu kuwapatanisha, yeye akasema hakuna ugomvi.

Antonia sasa huchambua kahawa meza moja na Bibiana, macho yake yakiwa yameanza kumsumbua. Juzi alikuwa na habari za mtoto wake.

"Amekuwa wa tano mkoani."

"Anaumwa popote?"

"Hajasema."

"Mwulize tena," Bibiana alisema, akavuta rundo jingine la kahawa karibu yake.