Shingo ya Gitaa

Fundi seremala alikaa kiti cha mbele kabisa ukumbini, macho hayabanduki kwenye shingo ya gitaa la bintiye.

Asubuhi ile alikuwa amelikalia. Lilikuwa kwenye kochi, limefunikwa shuka, naye na kilo zake tisini akajitupa: kwaa! Shingo ikapasuka. Akapaka gundi, akabana kwa jiriwa, akafuta alama kwa msasa. Binti aliporudi alimkuta nalo mkononi. "Nalipangusa vumbi," akamwambia. Gundi ile hutaka siku nzima. Yeye aliipa masaa matatu.

Bendi ya binti ilikuwa na magitaa matatu na ngoma, mwimbaji hakuna. Binti alichomeka spoki ya baiskeli chini ya nyuzi, akazikwangua. Ikatoka sauti ya mlango unaogombana na bawaba zake. Ukumbi ukapiga mayowe ya shangwe. Kisha akaukaza uzi mnene huku unalia, sauti ikapanda, na roho ya fundi ikapanda nayo.

"We mzee, mbona jasho?" mkewe akanong'ona. "Muziki wa mwanao umekushinda?"

"Joto tu."

"Joto gani, na feni iko utosini kwako?"

Wimbo wa tatu, fundi akaona mstari mwembamba kama unywele, palepale alipopaka gundi. Na wimbo wa mwisho, alijua, binti hukaza nyuzi zote sita mpaka ukingoni. Gitaa jingine hana. Likivunjika, atadhani amelivunja mwenyewe. Hakuna atakayejua, milele.

Wimbo wa mwisho ulipofika, binti akashika kigingi cha kukazia uzi wa kwanza.

"Usikaze!" Fundi alikuwa amesimama. "Nililikalia mimi! Asubuhi! Gundi haijashika!"

"Kaa basi, mzee," mtu akapaza sauti nyuma, "ila safari hii kaa kitini!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Binti hakucheka. Alipitisha kidole shingoni, akaukuta ufa. Kisha akaanza kulegeza, uzi mmoja baada ya mwingine, mpaka zote zikaning'inia, zikawa zinanguruma badala ya kulia. Wenzake wakatazamana, wakashusha sauti zao pamoja naye. Wimbo ukaishia chini kabisa, watu wakiusikia tumboni.

Akashuka jukwaani, akamwekea baba gitaa mapajani.

"Jiriwa iko wapi?"

"Nyumbani, mwanangu."

"Twende. Na njiani, baba, utanieleza hilo vumbi."