Mabuti Yaliyokataa Kuvuliwa

Seremala alioga na mabuti yake, akatoka, mkewe akampa kitambaa ayapanguse asije akachafua mkeka. Yalikuwa hayavuki miguuni tangu arudi vitani, miaka mitatu sasa. Sabuni ilishindwa, kisu kilishindwa. Palipokatwa paliota ngozi mpya kufikia jioni. Majirani walishazoea. Kila mtu na lake.

Tabu ilikuwa kelele. Mlango ukibamizwa, mabuti yalikimbia, na mwenyewe hana budi kuyafuata. Mke alitaka kitu kimoja tu, mumewe atibiwe kabla hajamuumiza mtu. Akampeleka ofisi ya waliopigana vita.

"Matibabu yapo, dada," karani alisema, mpole kweli. "Arudishe tu sare zote stoo. Hapa naona mabuti bado."

"Hayavuki, kaka. Ndiyo ugonjwa wenyewe."

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini karani alitazama fomu. "Nimekuelewa. Yakishavuka, mje."

Walikwenda mara tisa. Nenda rudi, nenda rudi, utadhani wameangusha kitu njiani.

Ijumaa moja tairi la lori lilipasuka mbele ya karakana. Mabuti yakaruka benchi, yakamfikia mzee muuza magazeti, naye seremala akamlaza chini kama alivyofundishwa jeshini. Mkono wa mzee ukavunjika mahali pawili. Seremala alikaa pale pale akilia na kumwomba radhi mpaka polisi wakaja.

Mahakamani alisema, "Ni mabuti, mheshimiwa." Hakimu akaandika mabuti, kisha akampa yeye miaka minne, maana sheria haifungi viatu.

Gerezani askari wa zamu alimwambia, "Vua." Yakavuka hapo hapo, laini kama ndala. Rafuni kulikuwa na mengine arobaini ya aina ile ile.

"Wenzako wote hivyo hivyo," askari alisema. "Huku yanatii."

Mke alikabidhiwa mabuti siku ya kumtembelea mumewe. Akayapeleka ofisini moja kwa moja. Karani akagonga muhuri, akafurahi kwa dhati.

"Faili limekamilika, dada. Sasa aje mwenyewe."

"Yuko gerezani."

"Ah, pole. Wafungwa hatuwatibu. Akishatoka, mje."

Karani akayafuta vumbi mabuti, akamwita kuruta aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni ya dirisha la pili, la kugawia sare. Kuruta akaketi, akayavaa, akafunga kamba.

Yalimtosha barabara.