Bastola ya Mzee Kazim Yashika Gesi

Wamaitha alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha biskuti kule ughaibuni, mtaa wa Downsview, na kwa miaka kumi na mitatu hakuna mashine ya kufungia pakiti iliyomshinda. Kila Alhamisi akitoka kazini alivua ovaroli, akanawa grisi, akaendesha gari hadi kwenye klabu ya kulenga shabaha. Aliyemshawishi kujiunga alikuwa mfanyakazi mwenzake, ambaye mwenyewe aliacha baada ya wiki mbili. Wamaitha akabaki.

Alibaki kwa ajili ya ule mchezo, na pia kwa ajili ya Mzee Kazim. Mzee huyu alikuwa na miaka sabini na minane, mzaliwa wa Kisumu, mkaazi wa mtaa wa Crescent Town tangu ujana wake. Katika klabu nzima ni wao wawili tu waliojua Kiswahili, basi walikaa benchi moja, wakasengenya watu bila wasiwasi.

Mzee Kazim alikuwa na bastola yake mwenyewe ya mchezo, ya miaka arobaini, inayosukuma risasi kwa gesi ile ile inayotia povu kwenye soda. Mpini wake wa mbao alikuwa ameuchonga mwenyewe, ukafuata kiganja chake kila bonde na kila kilima. Lakini kwa miaka miwili sasa bastola ile ilikuwa inavuja. Ukiijaza gesi asubuhi, adhuhuri ni tupu. Mzee akawa anaazima bastola za klabu, ambazo mipini yake haikumkaa mkononi, na alama zake zikaporomoka hadi akaona haya kuzisoma.

"Mashindano ya Mei yakipita hivi, binti yangu, mimi basi," alimwambia Wamaitha. "Nitakuwa nakuja kunywa chai tu."

Wamaitha alimfuata Shaun, mtunza silaha wa klabu na bingwa wake kwa miaka minne mfululizo. Shaun hakuwa mtu mbaya. Aliigeuza bastola mara moja, akairudisha.

"Waliotengeneza hii wameacha kutoa vipuri vyake zamani," alisema. "Mwambie aitundike ukutani. Itapendeza."

Maneno yale yalimchoma Wamaitha kana kwamba yeye ndiye aliyeambiwa atundikwe. Alirudi kwenye benchi akanyoosha mkono.

"Mzee, nipe hiyo bastola. Haijafa. Imechoka mpira tu."

Jumapili baada ya kanisa aliiweka kwenye meza ya jikoni kwake, katika mtaa uitwao Jane na Finch. Aliondoa mpini, akaijaza gesi kidogo, akaizamisha ndani ya beseni la maji. Mapovu yakajitokeza mara moja, mstari mwembamba, pale mtungi mdogo wa gesi unapoungana na mwili wa bastola. Akaitoa gesi yote, akaifungua bastola. Ndani alikuta sili tatu: pete mbili nyembamba za mpira, na kifuniko kidogo cha valvu. Pete zilikuwa zimekauka, na alipozigusa kwa ncha ya bisibisi zilikatika vipande. Kifuniko kilikuwa kimechimbika upande mmoja.

Hakuwa na kifuniko kipya, basi alikisugua kile kile kwa msasa laini mpaka kikanyooka. Pete alizichukua kwenye sanduku lake la kazini, nyeusi, mpya, saizi ile ile. Akafunga, akajaza, akazamisha. Hakuna hata povu moja! Alimpigia simu Mzee Kazim papo hapo.

"Mzee, andaa mkono."

Alhamisi ile watu walikusanyika kutazama. Mzee alipiga risasi kumi safi kabisa, uso ukimng'aa. Kisha Wamaitha akafungua mtungi ili auongezee gesi, na alipotaka kuurudisha, ukakataa kuingia. Pete ilikuwa imevimba, imetoka kwenye mfereji wake. Alijaribu kuisukuma kwa kidole. Alipokaza mtungi kwa nguvu, gesi ikatoka yote kwa mlio mrefu, mbele ya watu wote. Shaun aligeuka akajifanya anapanga karatasi za shabaha. Huruma ile ilimuuma Wamaitha kuliko kicheko.

"Si kitu," Mzee Kazim alimwambia wakiwa kwenye maegesho. "Umejaribu."

"Mzee, usiniambie nimejaribu. Niambie unanipa wiki tatu."

Mzee akacheka. "Haya. Wiki tatu."

Siku mbili alizunguka na swali lile kiwandani. Pete zile zile zilishika hewa kwenye mashine zake mwaka mzima bila kulalamika. Kwa nini gesi hii izishinde? Hewa ni hewa, alijiambia, lakini gesi hii huenda inaingia ndani ya mpira wenyewe, na presha ikitoka ghafla, mpira unaumuka kama andazi. Kulikuwa na njia moja ya kujua. Alichukua chupa ya chuma ya kupimia presha, akatia ndani pete za aina tatu, akaijaza gesi ile, akaifunga. Baada ya siku mbili aliifungua. Pete nyeusi ilitoka imevimba mara moja na nusu. Ya kahawia ilikuwa na malengelenge. Ya tatu, ya plastiki laini yenye rangi ya asali, iliyotoka kwenye pampu ya mafuta ya mashine ya kukandia unga, ilitoka vile vile ilivyoingia.

"Kumbe ni wewe!" aliiambia kwa sauti, na watu wawili karakanani wakageuka.

Pete mbili za aina hiyo akazitia kwenye bastola. Kilichobaki kilikuwa kifuniko cha valvu, maana sasa alijua kwamba msasa peke yake hautoshi. Alimwomba msimamizi wake ruhusa ya kutumia mashine ya kukereza saa ya chakula, achonge kipya kwa plastiki ile ile. Cha kwanza alikikata kifupi mno. Cha pili kilipasuka. Cha tatu kilikaa mahali pake kwa mguso mmoja mtamu, na mkono wake ukajua kabla ya jicho.

Safari hii hakumpigia mtu simu. Aliiweka bastola, mtungi wake umejaa, juu ya mizani ya jikoni, akaandika uzito wake kwenye kalenda. Kesho yake akaipima tena. Aliutoa mtungi na kuurudisha mara ishirini kusudi, akaujaza upya, akaipima tena. Siku ya tisa mizani ilisoma namba ile ile, haijapungua hata gramu moja. Hapo ndipo alipoketi jikoni akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Siku ya mashindano, Mzee Kazim alisimama kwenye mstari wake kwa risasi sitini. Wamaitha alikaa nyuma, hakutazama shabaha. Alisikiliza tu. Gesi ikipungua, mlio hulegea na risasi huanguka chini. Mlio wa kwanza ulikuwa mkavu na mfupi. Wa ishirini vile vile. Wa hamsini vile vile.

Kabla ya risasi kumi za mwisho Shaun alikuwa mbele kwa alama tatu. Mzee alipiga tisa, kumi, kumi, tisa, taratibu, akishusha mkono na kupumzika kila mara, na alipomaliza hizo kumi alikuwa na alama tisini na nne. Shaun akapata themanini na tisa. Walipojumlisha zote sitini, ilikuwa mia tano arobaini na moja za mzee kwa mia tano thelathini na tisa za Shaun.

Mzee Kazim alisoma karatasi mara mbili, kisha akageuka akapaza sauti kwa Kiswahili, ukumbi wote wa Wazungu ukimkodolea macho: "Wamaitha! Njoo uone mambo yako!"

Akaja mbio. Walikumbatiana pale pale mstarini, na watu wakapiga makofi bila kujua nani hasa wanampigia.

Shaun alimpa mzee mkono kwa moyo mweupe. Kisha akaingia stoo, akatoka amebeba katoni, akaitua mbele ya Wamaitha. Ndani mlikuwa na bastola sita kuukuu.

"Zote zinavuja," alisema, masikio yamemwiva kwa aibu. "Naweza kuja kuziona ukizifungua? Nataka kujifunza."

"Jumapili, saa nane mchana," Wamaitha alisema, akiwa tayari amenyanyua ya kwanza na kuisogeza karibu na sikio. "Uje na beseni lako."