Mchuzi Mwepesi wa Muhdhar

Shariffa aliporudi kutoka kwa daktari na picha ya tumbo lake ndani ya bahasha, alimpa mumewe habari yenyewe huku akivua buibui, kama mtu anayesema leo maji ya bomba yamekatika. Alikuwa na vijiwe kwenye nyongo. Si jambo la kutisha, lakini lazima vitolewe, na zamu yake ya kupasuliwa ilikuwa baada ya miezi miwili. Mpaka siku hiyo samli haramu, mafuta haramu, na nyama ya shahamu ndiyo kabisa asiitazame.

"Daktari kasema haramu?" akauliza Muhdhar.

"Kasema nisile. Hiyo haramu nimeongeza mimi, nafsi ipate kusikia."

Muhdhar alicheka, ila kicheko hakikufika mbali. Alikuwa mtu wa miaka sitini na miwili, aliyestaafu kazi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Huko hapakuwa na fundo la karatasi asilojua kulifungua. Lakini nyumbani kwake, ghorofa ya pili katika kichochoro cha Mji wa Kale, jikoni palikuwa nchi ya ugenini. Akiingia kutafuta kijiko, alitoka na uma.

Jikoni palikuwa pa Shariffa, na Jumapili ndiyo iliyokuwa siku yake ya kutamba. Binti yao wa pekee, Areej, alikuja kutoka Tudor na mumewe Ziad kula spageti. Na si spageti tu, ni spageti ya Shariffa: kima, yaani nyama ya kusaga, yenye shahamu yake, vitunguu vilivyokaangwa kwa samli mpaka vikawa rangi ya asali, mdalasini, iliki, nyanya zilizopikwa zikasahau kuwa zilikuwa nyanya, na mwisho kijiko kingine cha samli juu, alichokiita cha baraka. Ziad alisema waziwazi kuwa aliposa kwa ajili ya Areej, lakini haraka ya kuoa ilitokana na mchuzi ule.

Jumapili ya kwanza baada ya habari ya daktari, Shariffa aliupika mchuzi vilevile, bila kupunguza hata punje. Akatandika mkeka, akateremsha sinia mbele ya watu watatu, kisha yeye mwenyewe akaenda kukaa kwenye kiti karibu na dirisha na bakuli la boga la kuchemsha.

"Kuleni, kuleni," akasema. "Mimi sina neno."

Sasa, katika nyumba ile watu walikula sinia moja. Ilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza ya ndoa yao, miaka thelathini na minne iliyopita. Walikuwa wamewahi kununiana siku tatu bila kusemezana, na siku zote hizo tatu walikula sinia moja, kila mmoja akichota upande wake kama nchi mbili zenye mpaka. Muhdhar aliutazama ule upande mtupu wa sinia, akaona tonge haliteremki. Alikula matatu, akanawa.

Jioni akamwambia mkewe, "Mama Areej, si upike mchuzi mwepesi, tule sote?"

"Mtoto wa watu atoke Tudor, nimpe chakula cha wagonjwa?" Shariffa akamjibu. "Mchuzi wangu una jina, Muhdhar. Nikiutoa samli, hilo jina nitaliweka wapi? Miezi miwili si mingi. Nitakula boga langu."

Ikapita Jumapili ya pili hivyo, na ya tatu. Shariffa hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililomchoma zaidi mumewe. Jumapili ya nne aliamua. Kama mpishi hataki kuupika mchuzi mwepesi, basi ataupika yeye.

Ili ajaribu kwanza kwa siri, alingoja Alhamisi, siku ambayo Shariffa huenda darsani kwa Bi Ummukulthum baada ya alasiri. Buibui lilipopinda kona tu, Muhdhar akashika kikapu akaenda sokoni Marikiti kwa Faraj, muuza nyama wao wa miaka mingi.

"Nataka kima, kilo moja," akasema. "Lakini nyama tupu. Usinitilie hata uzi wa shahamu."

Faraj aliweka kisu chini. "Bi Shariffa kakutuma?"

"Hakunituma mtu."

"Wallahi nilijua. Bi Shariffa huja hapa akagombana nami kwa kuwa nimepunguza shahamu." Akamchagulia paja la ng'ombe, akalisafisha mbele yake mpaka likawa jekundu tupu, akalipitisha kwenye mashine. "Haya. Lakini nyama hii ni kavu, Ami. Ukiipika ovyo itakuwa kama kutafuna mkeka."

Muhdhar alirudi mbiombio. Akajifunga kanga ya mkewe kiunoni, akamenya vitunguu huku machozi yakimtoka, akaponda thomu na tangawizi, akakata nyanya. Kisha akachukua nusu ya nyama, akaiacha nusu nyingine iliyokuja kumwokoa baadaye, akaitia hiyo ya kwanza kwa mkupuo kwenye sufuria, akafunika, akangoja. Alipofunua, nyama ilikuwa inaogelea katika maji ya kijivu. Akadhani imekosa nyanya. Akatia nyanya. Maji yakazidi. Akatia vitunguu vibichi juu yake, kwa kuwa vilikuwa vimekwisha katwa na hakujua la kuvifanyia. Akaonja. Uchachu ulimfumba jicho moja.

Dirisha la jikoni lilitazamana na dirisha la jirani yao, Bi Maleka, mjane wa Kibohora aliyekuwa fundi wa mapishi pia, ingawa yeye na Shariffa hawakuwahi kukubaliana hata jambo moja kuhusu vitunguu. Kichochoro kilikuwa chembamba kiasi kwamba ungeweza kumpa jirani chumvi bila kuteremka ngazi. Bi Maleka akachungulia.

"Bwana Muhdhar! Huko kwenu leo mnapika au mnafua?"

"Napika, Bi Maleka."

"Wewe?" Akaegemea kizingiti cha dirisha vizuri, kama mtu aliyepata kiti cha mbele. "Nionyeshe."

Muhdhar akainamisha sufuria kuelekea dirishani. Bi Maleka akatazama.

"Hiyo hukuikaanga," akasema. "Umeichemsha. Kwa nini lakini? Shariffa yuko wapi?"

Muhdhar akamweleza yote: nyongo, boga, kiti cha dirishani. Sauti ilimpungukia alipofika kwenye ule upande mtupu wa sinia. Bi Maleka hakumtania tena.

"Una nyama nyingine?"

"Nusu kilo."

"Basi sikiliza, na usifanye jambo mpaka nikwambie. Chukua kikaango kipana. Kiache kipate moto sawasawa. Mafuta kijiko kimoja cha chai. Kimoja! Sasa tia nyama kidogo, iwe na nafasi. Usifunike! Na uweke mwiko chini. Chini, Bwana Muhdhar! Nyama si mtoto, haitaki kubembelezwa."

Alikuwa na sauti ya kupenya ukuta, na kichochoro chote kilisikia. Mtu aliyekuwa akipita na mswala begani akasimama. Muuza kahawa akatua deli lake. Juu, Muhdhar aliitazama nyama ikitoa mlio wa kuchacharika, ikibadilika kutoka nyekundu kuwa hudhurungi, na ikapanda harufu ya chakula kweli.

"Imeshika rangi!" akapiga kelele.

"Alhamdulillahi!" akajibu muuza kahawa kutoka chini.

Vitunguu vikafuata. Bi Maleka akamfunza kuvipika polepole kwa maji badala ya samli: tone vikikauka, tone tena vikishika, mpaka vikalainika vyenyewe vikawa vitamu. Thomu, tangawizi, mdalasini, iliki, nyanya. Karoti mbili zilizokwaruzwa ili zivunje uchachu wa nyanya. Kisha nyama ikarudi. Muhdhar akaonja, akasikilizia.

"Ladha ipo. Lakini haina mwili. Mchuzi wa Shariffa hukaa mdomoni. Huu unapita tu."

Bi Maleka akakuna kidevu. Hapo akasikika Kadzo, muuza mboga aliyekuwa akitandaza mafungu yake penye kivuli chini ya nyumba kila jioni, na ambaye hakuwa amekosa neno hata moja.

"Mzee! Teremsha kikapu."

Muhdhar akateremsha kikapu kwa kamba, kama mkewe afanyavyo. Kikarudi juu na mabiringani mawili, meusi, yanang'aa.

"Yachome motoni mpaka maganda yaungue," akasema Kadzo. "Umenye, uponde yawe uji, utie. Mama yangu alitulisha hivyo nyama ikiwa haba. Utadhani mna nazi ndani."

Bi Maleka alisita, maana ushauri ulikuwa umetoka kwingine, halafu akaukubali kwa heshima. "Jaribu."

Mabiringani yaliungua, yakamenywa, yakapondwa, yakazama ndani ya mchuzi yakapotea. Mchuzi ukashikana. Ukawa mzito bila kuwa mnene, ukang'aa bila mafuta. Muhdhar akaonja kijiko kimoja, akaonja cha pili, halafu akakaa juu ya kigoda cha mbuzi ya nazi.

"Vipi?" Bi Maleka akauliza.

"Bi Maleka," akasema, "nimepika."

Alikusudia iwe siri mpaka Jumapili. Lakini Shariffa aliporudi kutoka darsani, muuza kahawa alimpongeza kwenye kona, mtu wa mswala akamwambia mumewe ni hodari, na Kadzo akamwuliza kama mabiringani yalitosha. Alipofika mlangoni kwake alikuwa anajua yote isipokuwa kiasi cha chumvi.

Akamkuta Muhdhar sebuleni anasoma gazeti, kanga bado kiunoni.

"Kuna harufu gani humu?" akauliza.

"Harufu? Labda ya kwa Bi Maleka."

"Labda," Shariffa akasema, akaingia chumbani haraka, akafunga mlango, akacheka mpaka akashika ubavu.

Jumapili asubuhi hakukuwa tena na la kuficha. Muhdhar alisimama mlangoni mwa jikoni akasema leo atapika yeye, na Shariffa akasema marahaba, akakaa kwenye kigoda na mikono mapajani. Ilimwia vigumu. Mumewe alipoinua kisu, kidole chake yeye kiliinuka. Mara moja tu alishindwa kuvumilia.

"Maji ya spageti tia chumvi, Muhdhar. Na usiyamwage yote. Bakiza kikombe, uchanganyie na mchuzi, vishikane."

"Bi Maleka hakuniambia hilo."

"Bi Maleka angelijuaje?" akasema Shariffa, na uso wake ukang'aa.

Areej na Ziad walipofika, sinia liliteremshwa, spageti imetandazwa, mchuzi katikati, kotmiri imenyunyizwa na ndimu zimekatwa pembeni. Shariffa aliangalia kiti chake cha dirishani, akakipita, akaja kukaa mkekani. Muhdhar alisema Bismillahi kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Shariffa alitafuna taratibu kama mtu anayesoma barua. Wote watatu walimtazama.

"Iliki imezidi," akasema. Akachota tena. "Kidogo." Akachota mara ya tatu, na safari hii machozi yalimlengalenga, naye akasingizia pilipili ambayo haikuwamo.

"Na wewe, Ziad?" Muhdhar akauliza. "Sema kweli."

Ziad alikuwa katika mtihani. Akamtazama mama mkwe, akamtazama baba mkwe. "Kweli yenyewe, Ami, samli naikumbuka. Siwezi kudanganya. Lakini siku zote nikitoka hapa hulala mpaka magharibi. Leo nahisi naweza kurudi Tudor kwa miguu."

"Basi kula tena, uende Tudor urudi," Areej akasema, na sinia likaisha mpaka likaonyesha maua yaliyochorwa chini.

Alasiri ile Muhdhar hakutulia. Kila mkewe alipojisogeza, aliinua macho. Kila alipokohoa, alisimama. Alikuwa akingoja yale maumivu ya chini ya mbavu yaliyokuwa yakimjia Shariffa baada ya vyakula vizito.

"Usinitazame hivyo," akasema Shariffa. "Mimi si kontena lililochelewa kushuka."

"Hayajakuja?"

"Hayajakuja." Akanyoosha miguu mkekani. "Na hayaji. Nenda kaoshe masufuria yako."

Alikwenda akayaosha huku akipiga mluzi, na Bi Maleka kutoka dirishani kwake akataka kujua kila kitu, tonge kwa tonge, hasa lile neno kuhusu iliki.

Shariffa alipasuliwa kwa wakati wake, na Mungu akajaalia akatoka salama. Baada ya wiki kadhaa daktari alimruhusu kurudi kwenye vyakula vyake, hata samli, mradi iwe kidogo kidogo. Jumapili iliyofuata aliamka mapema, akajifunga kanga, akaingia jikoni kwake. Alimkuta Muhdhar amekwisha tangulia, anakwaruza karoti, na biringani linaungua juu ya moto.

Wakatazamana.

"Sogea," akasema Shariffa.

Muhdhar akaweka karoti chini. "Nitoke?"

"Nimesema utoke? Sogea kidogo tu, nipate mahali pa kukatia vitunguu."